Katheta ya mshipa mkuu kwa mgonjwa wa uloto: dalili, chanzo na hatua za kuchukua

Mgonjwa aliyepandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) hukaa na katheta kifuani kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Humo hupita kemotherapi, chembe zenyewe za uloto, damu, platileti (chembe sahani), lishe ya mshipani, dawa za kutuliza kinga, na damu ya vipimo ya kila alfajiri. Inayotumika zaidi ni ile ya Hickman, iliyopewa jina la daktari wa figo wa watoto wa Seattle, Robert Hickman, aliyeieleza mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa hawahawa wa uloto. Ni mrija laini wenye njia mbili au tatu. Huingia mshipani shingoni au chini ya mtulinga, hupita chini ya ngozi ya kifua, kisha hutokeza nje sentimita kadhaa chini yake. Ndani ya handaki hilo la ngozi kuna pete ya kitambaa ambayo nyama hushikamana nayo. Ncha hukaa pale mshipa mkuu wa juu unapoingia moyoni.

Tanzania ilianza kupandikiza uloto Muhimbili mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata kwa watoto wenye selimundu. Wengine hutibiwa India kisha hurudi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kufika hospitali ya wilaya usiku akiwa na katheta ambayo hakuna mtu wa zamu hiyo aliyewahi kuigusa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi na madaktari wa zamu kama hiyo, na kwa wale wa wodi ya uloto.

Dalili yoyote ikitokea, uliza kwanza: ilianza lini? Ilianza dakika ngapi baada ya kusukuma salaini? Ni siku ya ngapi tangu katheta iwekwe? Ilikuja ghafla dawa ikiwa inapita, au polepole kwa siku 3? Kwa katheta, majibu hayo mara nyingi hutaja chanzo kabla maabara haijajibu.

Inaingiza vizuri, haitoi damu

Tatizo hili halikosekani wodini. Kwa kawaida chanzo ni utando wa faibrini (nyuzi za protini za kugandisha damu) uliojijenga kwenye ncha: ukisukuma, utando unafunguka, ukivuta, unajifunika kama kilango cha pampu ya baiskeli. Pengine ncha imegusa ukuta wa mshipa, au imehama.

Anza nje uende ndani. Angalia klempu zote, hata ile iliyofichwa na nguo. Angalia kama mrija umejikunja chini ya plasta, au uzi wa mshono umeukaza mno. Ondoa kiungio kisicho na sindano, kitupe, weka kipya. Kiungio kilichojaa damu iliyoganda kimeshawapotezea watu wengi nusu saa. Kisha mbadilishe mgonjwa mkao: alale chali bila mto, ageukie upande mmoja, ainue mkono wa upande wa katheta, akohoe, avute pumzi ndefu na kuishikilia. Damu ikitoka mkono ukiwa juu na kukatika ukishuka, usishangilie. Soma kwanza sehemu ya mrija unaobanwa, hapa chini.

Isipotoka, sukuma salaini mililita 10 kwa mtindo wa sukuma-acha: mililita 1, pumzika kidogo, mililita 1 tena. Mwendo huo wa kusitasita hufanya maji yazunguke ndani ya mrija na kukwangua kuta; ukisukuma moja kwa moja, maji hupita katikati tu na kuacha uchafu pembeni. Tumia sirinji ya mililita 10 au kubwa zaidi. Sirinji ya mililita 2 au 5 hutoa msukumo mkubwa mno kwa nguvu ileile ya kidole, na mrija ulioziba unaweza kupasuka ndani ya mwili.

Bado? Daktari aandike alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda: miligramu 2 katika mililita 2 kwa njia iliyoziba, ikae humo dakika 30, kisha jaribu kuvuta. Ikigoma, iache hadi dakika 120. Unaweza kurudia dozi mara moja. Kwa mtoto wa chini ya kilo 30, weka asilimia 110 ya ujazo wa ndani wa njia hiyo, isizidi miligramu 2. Damu ikianza kutoka, vuta mililita 4 hadi 5 uzitupe, ndipo usukume salaini. Ikishindikana baada ya dozi 2, piga eksirei ya kifua uone ncha iko wapi, na kama kuna uwezo, picha ya dawa ya rangi kupitia katheta.

Kuna kosa moja hapa linaloumiza. Njia isiyorudisha damu isipitishiwe kemotherapi inayounguza, hata kama salaini inaingia bila shida. Utando ule unaweza kuifunika katheta kama soksi na kuirudisha dawa nyuma hadi kwenye handaki la ngozi.

Imeziba kabisa

Kama ilikuwa ikizorota kwa siku kadhaa, fikiria damu iliyoganda, na alteplase ndiyo njia. Kwa kuwa haitaingia kwa kusukumwa, tumia kiungo cha njia tatu: upande mmoja sirinji tupu, upande wa pili sirinji ya dawa. Vuta hewa kwa sirinji tupu, geuza kiungo, na mrija wenyewe utainyonya dawa.

Kama iliziba ghafla dawa ikipita, ni mgando wa dawa, na alteplase haitafanya kitu. Wodi ya uloto ina jozi zake za ugomvi. Amfoterisini B hugandamana ikikutana na salaini, kwa hiyo kabla na baada yake husukumwa dekstrosi 5%. Fenitoini, inayotolewa kuzuia degedege linaloletwa na busulfani (dawa ya kemotherapi), hugandamana ikikutana na dekstrosi. Seftriaksoni haipatani na maji yenye kalsiamu kama Ringer. Kalsiamu na fosfati hufanya mawe ndani ya lishe ya mshipani iliyochanganywa vibaya. Mwite mfamasia akiwa na orodha ya dawa zilizopita saa hizo. Kwa mgando wa kalsiamu na fosfati, au wa dawa zenye tindikali, hutumika asidi ya hidrokloriki 0.1N; kwa dawa za alkali kama fenitoini, sodiamu baikaboneti 8.4%; kwa mafuta ya lishe, ethanoli 70%, baada ya kusoma maelezo ya mtengenezaji, kwani mirija ya poliyurethani inaweza kuharibiwa na pombe.

Homa

Kwa mgonjwa ambaye nyutrofili zake (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) ziko chini ya 500 kwa mikrolita, joto la 38.3 mara moja, au 38.0 lililodumu saa nzima, ni dharura. Antibayotiki ya kwanza iwe imeingia ndani ya dakika 60. Usipime joto kwa njia ya haja kubwa. Mchubuko mdogo huko unatosha kuwafungulia bakteria mlango. Na anayemeza steroidi kwa ajili ya ugonjwa wa uloto mpya kuushambulia mwili anaweza kuwa na bakteria tele kwenye damu huku kipimajoto kikisoma 37.2. Huyo mtazame mapigo ya moyo, presha na uso wake.

Otesha damu (ichukue kwenye chupa za maabara ionekane kama ina bakteria) kabla ya antibayotiki, bila kuichelewesha kwa sababu hiyo. Chukua kutoka kila njia ya katheta, na seti moja kutoka mkononi. Badilisha kiungio kwanza, la sivyo utaotesha bakteria walioishi ndani ya plastiki na kuwaita ugonjwa. Weka kiasi kilekile kila chupa, kwa mtu mzima mililita 10 hivi, na andika wazi: njia nyeupe, njia nyekundu, mkono wa kulia. Usahihi huo una sababu. Chupa ya katheta ikianza kuota dakika 120 au zaidi kabla ya ile ya mkononi, katheta ndiyo yenye bakteria wengi. Ukiandika tu "damu" kwenye chupa zote, au ukijaza moja nusu, umeutupa ushahidi huo.

Swali la "lini" linafaa zaidi hapa kuliko kwingine. Mgonjwa aliyekuwa mzima asubuhi, akasukumiwa salaini saa 3, na saa 3 na dakika 40 akawa anatetemeka hadi kitanda kinalia: salaini imewasukuma bakteria wa mrijani hadi kwenye damu. Funga njia hiyo, usiitumie tena hadi daktari aamue, mpe maji na dawa kupitia njia nyingine au kanula ya mkononi, na fuatilia presha kila dakika 15.

Kinyume chake kipo pia. Mgonjwa wa siku ya 8 baada ya kupokea chembe, mdomo wote vidonda, anahara mara 9 kwa siku, damu ikaota E. koli, enterokoka au streptokoka wa jamii ya viridani. Bakteria hao kwa kawaida wametoka kwenye utumbo na mdomo vilivyochubuliwa na kemotherapi. Katheta inasingiziwa. Kuing'oa kwa mgonjwa mwenye platileti 10,000 ni kumwachia tatizo la kupata mshipa mwingine, huku mlango wa bakteria ukibaki wazi.

Dawa ya kuanzia ni ile inayomfikia Pseudomonasi: sefepimu, piperasilini na tazobaktamu, au meropenemu, kulingana na usugu unaojulikana katika hospitali yenu. Vankomisini huongezwa pale presha inapoanguka, ngozi ya katheta inapokuwa nyekundu au na uchungu, au mtetemeko ulipofuata kusukuma salaini. Antibayotiki zigawanywe kwenye njia zote kwa zamu. Njia iliyoachwa bila dawa huwa maficho.

Kung'oa au kutibu ikiwa ndani? Stafilokoka wa ngozi, wale wasio aureusi, mara nyingi huondoka kwa antibayotiki za mshipani pamoja na dawa inayofungiwa ndani ya katheta kwa siku 10 hadi 14. Ng'oa ukikuta Stafilokoka aureusi, Pseudomonasi, kandida (fangasi) au bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Ng'oa handaki likiwa na maambukizi, mgonjwa akiwa kwenye mshtuko wa sepsisi, au damu ikiendelea kuota baada ya saa 72 za dawa sahihi. Kwa kandida na aureusi siku za matibabu huhesabiwa tangu oto la kwanza lililokuja safi, zisipungue 14, na moyo upigwe picha.

Ngozi nyekundu kwenye katheta

Kabla ya kuandika dawa, angalia umbo la wekundu. Wekundu wenye pembe nne, unaowasha, na kingo zake zinalingana na kingo za plasta, ni mzio wa gundi au wa klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi. Mara nyingi klorheksidini haikuachwa ikauke kabla ya plasta kuwekwa. Hesabu sekunde 30 za kusugua na 30 za kukausha, bila kupepea wala kupuliza kwa mdomo.

Mduara mdogo ndani ya sentimita 2 kutoka tundu ni maambukizi ya tundu. Hutibika katheta ikiwa ndani. Mstari unaopanda kufuata njia ya mrija kupita sentimita 2, wenye uchungu ukibonyezwa, ni maambukizi ya handaki, na hayaponi mrija ukiwemo. Usingoje usaha. Usaha hutengenezwa na nyutrofili, na mgonjwa huyu hana. Uchungu peke yake, kwenye ngozi inayoonekana karibu ya kawaida, unatosha kumwamsha daktari.

Kama mgonjwa alipewa thiotepa, dawa ya kemotherapi, kuna chanzo kingine kabisa. Dawa hiyo hutoka na jasho, hukusanyika chini ya plasta, na kuiunguza ngozi hadi ikawa nyeusi na kumenyuka. Hadi saa 48 baada ya dozi ya mwisho, mgonjwa aoge angalau mara 2 kwa siku, na plasta ibanduliwe, ngozi isafishwe na plasta mpya iwekwe mara 2 kwa siku. Kwenye joto la Pwani usiridhike na kiwango hicho cha chini.

Nje ya thiotepa, plasta angavu hubadilishwa kila siku 7 na shashi kila siku 2, ila plasta iliyolegea au kulowa hubadilishwa muda huohuo. Mgonjwa wa Dar es Salaam mwezi wa Februari hafikishi siku 7.

Mkono, shingo au uso kuvimba

Mkono wa upande wa katheta ukinenepa, mishipa ya kifua ikichomoza, au mgonjwa akiamka na uso uliovimba unaopungua kufikia mchana, fikiria bonge la damu kwenye mshipa. Pima kwa ultrasaundi ya Dopla. Katheta inayofanya kazi, isiyo na maambukizi na inayohitajika haing'olewi kwa sababu ya bonge peke yake. Mgonjwa huanzishiwa heparini ya uzito mdogo (sindano ya kuzuia damu kuganda) kwa miezi 3 au zaidi, mradi katheta ingalipo.

Ugumu uko kwenye platileti. Utaratibu unaofuatwa na wengi: 50,000 na kuendelea, dozi kamili; kati ya 25,000 na 50,000, nusu dozi; chini ya 25,000, simamisha, au mwongezee platileti kama bonge ni la hatari. Hesabu hiyo iangaliwe kila asubuhi kabla ya sindano, kwa sababu kwa wagonjwa hawa 60,000 ya Jumatatu inaweza kuwa 18,000 Jumatano.

Damu inatoka kwenye tundu

Siku ya kwanza baada ya kuwekwa ni jambo la kawaida. Wengi hubonyeza tundu la kifuani na damu haikomi, kwa sababu damu haitoki hapo: inatoka pale katheta ilipoingia mshipani, shingoni au chini ya mtulinga, kisha inateremka ndani ya handaki. Bonyeza kule juu, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia. Mkalishe mgonjwa nusu wima. Angalia platileti na INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda), na uliza kama sampuli ilitoka kwenye njia yenye heparini. Shashi iliyolowekwa asidi ya traneksamiki husaidia juu ya tundu.

Mrija unaobanwa chini ya mtulinga

Huwapata waliowekewa kupitia chini ya mtulinga. Katheta hubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kila mkono unapotembea, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Dalili ni ile iliyotajwa: inafanya kazi mkono ukiwa juu, inagoma ukiwa chini. Piga eksirei mgonjwa akiwa wima na mikono imeshuka, maana mikono ikiinuliwa mbano hufunguka na picha husema uongo. Ukiona mrija umebonyea hapo, katheta itolewe. Ikiachwa hukatika, na kipande husafiri hadi moyoni.

Kupumua kwa shida ghafla

Saa chache baada ya kuwekwa: hewa nje ya pafu, sikiliza kifua, piga eksirei. Mara tu baada ya kiungio kuchomoka au katheta kung'olewa: hewa imeingia mshipani. Bana katheta karibu na kifua, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini kuliko miguu, oksijeni ya kiwango cha juu, ita msaada. Moyo kurukaruka tangu siku ya kuwekwa: ncha imeingia ndani mno. Kikohozi, uso kuwa mwekundu na harufu ya kitunguu saumu wakati chembe za uloto zilizogandishwa zinaingia: hiyo ni DMSO, dawa ya kuhifadhia chembe. Punguza kasi, katheta haina kosa.

Kiwango cha siklosporini kimepanda bila sababu

Siklosporini ni dawa ya kutuliza kinga. Mgonjwa hana mtetemo wa mikono, kreatinini (kipimo cha figo) haijasogea, lakini maabara inasema kiwango ni mara 3 ya jana. Uliza sampuli ilitoka njia ipi. Siklosporini na mwenzake takrolimasi hujishikiza kwenye kuta za mrija na hazioshwi na salaini. Damu inayopita humo huzibeba. Dozi ikipunguzwa kwa jibu hilo la uongo, uloto mpya unapata nafasi ya kuushambulia mwili. Tenga njia moja kwa dawa hiyo tangu siku ya kwanza, ibandike lebo, na damu ya kupima kiwango ichukuliwe njia nyingine. Kama njia zote zimeshaguswa, choma mkononi. Glukosi au potasiamu iliyoruka ghafla ichunguzwe vilevile: lishe ilisimamishwa? Mililita 5 za mwanzo zilitupwa?

Imechanika au pete imetoka nje

Bana kati ya mpasuko na kifua, kwa klempu isiyo na meno au kwa kuikunja katheta na kuikaza kwa shashi. Funika mpasuko kwa shashi safi. Kuna vifaa vya kurekebishia sehemu ya nje, vinavyolingana na aina na ukubwa wa katheta, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye mrija inakiliwe kwenye kadi ya mgonjwa mapema. Usitumie gundi wala plasta ya kawaida.

Pete ya kitambaa ikionekana tunduni, usiirudishe ndani. Huhitaji wiki 2 hadi 4 kushikamana, na kabla ya hapo mvuto wa mfuko wa salaini ulioangukia sakafuni unatosha kuing'oa. Ifunge pale ilipo, usipitishe dawa, piga eksirei ya ncha.

Akiwa nyumbani

Njia isiyotumika husukumwa salaini mara 1 kwa wiki na kufungwa kwa heparini kama hospitali ilivyoandika. Kuoga kwa ndoo ni salama kuliko bomba la mvua, mradi kifua kifunikwe kwa nailoni iliyobanwa kingo zote na maji yamwagwe kuanzia kiunoni. Baharini na bwawani, hapana: maji ya aina hiyo ndiyo makazi ya Pseudomonasi. Nguo ya ndani iwe na mfuko wa kubebea ncha za mrija zisining'inie, na mtoto asipewe nafasi ya kuzichezea. Mgonjwa atembee na klempu 1 ya akiba na kadi yenye aina ya katheta, tarehe ya kuwekwa, ujazo wa kila njia na simu ya wodi, na mlezi aonyeshwe kwa vitendo mahali pa kubana kabla hawajaruhusiwa kutoka.